Donge la Nta Kwenye Mpira wa Mbele

Mgori, Ijumaa alasiri

Hadija mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana asubuhi hii nimekuona ukila kiporo kwa maziwa ya mgando, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, mama yako anakufokea usishike kata ya maji. Yangu utaijua ukifika chini ya karatasi hii. Basi tuyaache hayo.

Nimekaa barazani, kwenye lile gogo la mti wa mtundu ambalo nilisema nitalichonga mzinga wa nyuki na mpaka leo limebaki kiti. Wewe umeenda Mtinko kwa bibi yako. Umesema unakwenda kumsalimia tu, hukusema kumuaga. Nimesikia. Nimesikia pia ulichomwambia mama yako kabla hujapanda bodaboda, kwamba kama leo jioni magurudumu ya mbele ya pikapu bado hayavuti, kesho basi liondoke bila wewe, na Jumatatu wale watu wa gereji ya Arusha wampe nafasi mtu mwingine. Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, utadhani unasema leo mboga hakuna. Mama yako hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Nikainama nikajifanya natafuta kiatu.

Barua hii nitaiweka kwenye sanduku lako la spana, chini kabisa, chini ya lile taulo lililochanika. Utaikuta njiani, najua, kwa sababu huwezi kufika Katesh hujafungua sanduku kuangalia kama kondakta hajakugusia spana zako. Mambo ya maji ya kunywa, na chumba cha kupanga, na vijana wa mjini, na kupiga simu kila Jumapili, hayo mama yako amekuambia mpaka umeziba masikio. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu, nalo ni la ile pikapu. Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Ukifika katikati utataka kuichana karatasi. Usiichane, maliza kwanza.

Unakumbuka siku niliyoileta nyumbani? Ulikuwa bado mdogo. Nilifungua boneti ili watu waone, na mimi mwenyewe nikaona kwa mara ya kwanza. Lo! Mipira myembamba myeusi imejaa humo, inapanda, inashuka, inapita nyuma ya kabureta na kutokea upande mwingine. Nilidhani ni ya maji. Kwa miaka mingi nilidhani ni ya maji, na nilikuwa nawaeleza watu hivyo bila aibu. Wewe ndiye uliyekuja kunieleza, ukiwa kidato cha pili, kwamba ndani ya mipira ile hampiti kitu ila pumzi. Injini inavuta hewa, ukasema, na ule mvuto wake ndio unaofanya kazi ndogo ndogo: unasaidia breki, unasaidia kabureta, na mpira mmoja mrefu unapita ndani ya chesisi mpaka difu ya mbele, kile kichwa cha chuma kati ya magurudumu. Ukivuta ule, magurudumu ya mbele nayo yanashika kazi, gari linatembea kwa miguu yote minne. Ukitoboka au ukichomoka, gari la miguu minne linabaki la miguu miwili, na wewe dereva hujui mpaka ukwame.

Nilikusikiliza huku nikijidai kwamba nayajua. Baba yako ndivyo alivyo.

Sasa ile ya kisu. Naijua, kila mgeni akifika hapa unamsimulia, na mimi huwa nacheka pamoja nanyi. Lakini sijawahi kukuambia kilichonifanya nifanye vile. Fundi Shabani wa mjini aliniambia kabureta inataka kuoshwa, na mipira yote itolewe kwanza. Nikaona kumlipa mtu kazi ya kuchomoa mipira ni ujinga, nitaitoa mwenyewe. Nikakumbuka kwamba nikishaitoa sitajua upi unarudi wapi. Nikafanya ninalolijua. Mizinga yangu yote msituni ina alama ya ukoo wetu, mikato mitatu na mstari, na hata mtu akiuhamisha mzinga wangu mpaka Mkalama nitaujua. Nikachukua kile kisu cha kurinia asali. Mpira wa kwanza mkato mmoja, wa pili mikato miwili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, na kwenye chuma ambacho kila mmoja unachomekwa nikakwaruza alama inayofanana. Nilifurahi! Nilimwita mama yako aje aone akili ya mumewe.

Nilipoirudisha yote na kuwasha, injini ikapiga mluzi. Ikatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikageuka chenyewe. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani unasubiri matokeo. Ukaja, ukachungulia, ukavuta mpira mmoja ukaukunja, ule mkato ukafunguka mdomo. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi.

"Baba, umeichanja!" ulisema. "Umeichanja yote! Hii ni mipira, baba, siyo mizinga!"

Nami nikacheka, nifanyeje. Ila nikutolee siri moja, kitu nikikipenda mimi natafuta kukitia alama. Sijui kupenda kitu nikakiacha hivi hivi. Na sikufikiria hata dakika moja kwamba kisu kinaingia ndani.

Halafu ndipo ulipofanya ile kazi ya moshi. Hakuna mtu aliyekufundisha. Ulichukua bomba langu la moshi, lile la kufukizia nyuki, ukalijaza samadi kavu na magome, ukafunga mdomo wake kwenye mpira mkubwa wa injini kwa kipande cha tyubu, ukaanza kulibonyeza taratibu. Moshi ukaanza kutoka huku, na kule, na nyuma kule, kila palipokuwa na tundu moshi ukachungulia. Mama yako akatoka jikoni mbio na ndoo ya maji akijua gari linaungua, na kama usingemzuia angelimwagia yote. Ukaenda tundu kwa tundu. Ukakata, ukabadilisha, ukafunga kila mpira kwa kitambaa cha rangi yake kutoka kwenye khanga kuukuu. Ile siku niliyowasha na injini ikanyamaza kimya, ikiunguruma kwa adabu, nilikwenda gulioni bila sababu yoyote ila kukutangaza.

Hapo ndipo nilipokukosea mara ya kwanza, na hili unalijua. Nafasi ya chuo cha ufundi ilikuja mwaka ule ule. Ilikuja msimu wa kurina umeanza, pikapu nusu iko chini, nusu iko juu. Nilisema, "Chuo hakihami." Maneno yangu hayo, nayakumbuka yalivyotoka. Mbele ya watu gulioni nilikushika bega nikasema, "Huyu ndiye fundi wangu, haendi popote huyu." Wakacheka, wakakusifu, wakaanza kuleta pikipiki zao. Wewe ulitabasamu ukatazama chini. Nilidhani ni haya ya binti aliyelelewa vizuri. Chuo kweli hakikuhama, ila nafasi yako walimpa mwingine. Mama yako alinipikia mlenda bila chumvi wiki nzima, na niliula wote bila kuuliza chumvi iko wapi.

Hiyo ni ya kwanza. Ya pili huijui.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda msituni peke yangu kuangalia mizinga ya upande wa mashariki. Nikapita juu ya kisiki, kikapiga chini ya gari, na ule mpira mrefu wa difu ya mbele ukachomoka kwenye kiungo chake cha katikati, pale unapoingia ndani ya chesisi. Injini ikaanza kupiga mluzi ule ule na kutetemeka. Nikashuka, nikalala chini nikauona unaning'inia. Mfukoni mwa shati nilikuwa na nta, wewe unajua sikosi nta mfukoni. Nikaikanda donge dogo, nikalisukuma ndani ya mdomo wa mpira kwa kidole. Mluzi ukakata pale pale. Nikausukuma tena mpira juu ndani ya chesisi mpaka kwenye kiungo chake, na nta yake ndani, nikaendelea na safari yangu nikijisifu. Kiangazi nani anayataka magurudumu ya mbele? Nikasema nikifika nyumbani nitamwambia Hadija. Nilipofika kulikuwa na asali ya kukamua na wateja wanaosubiri, nikasahau. Kusahau kule kulikuwa kwa kweli, Mungu ni shahidi wangu.

Kwa hiyo masika yaliyopita nilipokwama kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, nikavuta gia ya mbele na mbele haikuvuta, haikunijia kabisa kwamba ni mkono wangu. Nilitukana gari. Nilitembea kwa mguu kwenye mvua mpaka nyumbani, nikalala na ile homa ya mapafu. Ninachokumbuka vizuri ni wewe umekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, unanilisha uji, unaniambia, "Baba, mimi siondoki hapa mpaka gari hili livute mbele. Ukikwama tena kule, nani atakufuata?"

Nilikuwa naumwa, lakini nilisikia vizuri. Na badala ya kukuambia acha upuuzi, nilifurahi. Nilifumba macho ili usinione.

Halafu ikaja hii ya Arusha. Yule dereva wa watalii aliyeharibikiwa pale Issuna, ukamfungia mpira wa breki kando ya barabara siku ulipokwenda kwa shangazi yako, akachukua namba yako. Sikudhani angepiga. Akapiga yeye, halafu akapiga bosi wake, mwenye gereji, akasema njoo ujifunze huku unafanya kazi, magari ya namna hiyo ya zamani wanayo mengi na vijana wanaoijua mipira yake hawapo. Ulipokata simu uliruka, halafu ukaniangalia, ukaacha kuruka. Ukasema, "Kwanza nimalize hii ya baba."

Ndipo ukaanza kazi wiki hii. Ulifukiza moshi. Haukutoka popote. Ukafukiza tena, ukapaka povu la sabuni kila kiungo, ukatafuta kibubujiko, hakuna. Nilikuona unavyojikuna kichwa na grisi ile. Jumanne ukalala chini mbele, ukachomoa mpira kwenye kile kibakuli cha chuma kilichoko kwenye difu, ukakivuta pumzi kwa mdomo wako mwenyewe, na ndani ikalia *ka!* Mimi nilikuwa nimechuchumaa nakushikia tochi.

"Kibakuli kizima, baba," ulisema huku ukitema mate ya vumbi. "Kinashika. Ila pumzi haifiki."

Mwanangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni mwa shati. Nikaigusa nta. Pale pale nikakumbuka kila kitu, kisiki, mluzi, kidole changu, mpaka yule ndege aliyekuwa analia. Nilifungua mdomo nikuambie.

Nikasema, "Labda ni swichi yake."

Macho makavu! Mtu mzima na mvi zangu. Ukasema inawezekana. Jumatano ukapanda gari la watu ukaenda mjini kutafuta swichi, ukazunguka jua lote, na mimi nilijua swichi haina kosa. Ukarudi umechoka, ukaifunga, tukajaribu, haikuvuta. Ukasema, "Pole baba, kesho nitafungua ule uliopita ndani ya chesisi." Wewe ndiye uliyeniambia mimi pole. Mimi nikasema bolti za bamba la pale zimeshikwa na kutu, zitakatika, tafuta kwanza huku juu. Na wewe ukanisikiliza, kwa sababu mimi ni baba yako na gari ni langu.

Jana ulishinda chini ya gari. Nilikuletea chai. Ulitoa mkono tu, sikuona uso, ukapokea kikombe ukasema, "Ahsante baba." Nilikaa kwenye hili gogo nikakutazama viatu vyako, na roho yangu ilitulia kuliko ilivyotulia siku nyingi. Nilisema moyoni, leo tena hajaondoka. Hivyo ndivyo nilivyosema. Sipambi wala sipunguzi.

Utajiuliza kwa nini moshi haukukuonyesha. Nimelifikiria sana, nikiwa na muda wa kufikiri kuliko wewe. Moshi unakuonyesha palipotoboka. Palipozibwa haukuonyeshi kitu, unafika pale unasimama, na wewe huko nje unaona kila kitu kiko salama. Ungeupata tu. Ungefungua zile bolti leo au kesho kutwa, ungeupata. Ila basi ni la kesho alfajiri, na Arusha ni Jumatatu.

Basi leo ulipoondoka na bodaboda, mama yako akaja akasimama hapa mbele yangu na ungo mkononi. Hajui habari ya nta, hata sasa hajui.

"Baba Hadija," akasema, "wewe unaogopa nini?"

"Naogopa nini? Gari bovu."

"Gari hilo limekuwa bovu tangu siku limeingia hapa. Sijauliza gari."

Akapeta ule mtama kidogo, akapuliza makapi, halafu akasema bila kuniangalia, "Jana jioni alikuwa amepanga nguo zake zote kwenye begi. Asubuhi nimemkuta anazitoa moja moja anazirudisha kwenye kamba. Nikamwambia acha, wewe safiri. Akaniambia, mama, baba akifia mbugani mimi nitakula nini Arusha kikapita kooni?"

Akaondoka na ungo wake. Niliitazama ile kamba ya nguo. Gauni lako la bluu lilikuwa pale, na lile koti ulilonunua kwa ajili ya baridi ya Arusha, jipya kabisa, linaning'inia juani hapa Mgori ambapo hakuna anayevaa koti mchana. Nimeona aibu nyingi maishani mwangu, nimewahi kuanguka kutoka kwenye mti na suruali imechanika mbele ya wakwe. Hakuna iliyonikaba kama ile ya koti lako.

Nikachukua spana zako. Nisamehe, nilizigusa bila ruhusa. Nikalala chini. Bolti mbili zilitoka vizuri, ya tatu ikakatika kama nilivyosema, kwa hiyo angalau hapo sikudanganya. Kidole kimechubuka, utakiona jioni na utataka kukifunga dawa. Nikauchomoa mpira, nikachukua spoki ya baiskeli nikachokonoa, na nta ikatoka nzima. Bado inanukia maua. Ina alama ya kidole changu upande mmoja, kabisa, mistari yote inaonekana.

Nikawasha, nikaipeleka pikapu korongoni kwenye mchanga laini. Nikavuta gia. Nikasikia ile *ka!* uliyoitoa kwa mdomo wako. Magurudumu ya mbele yakashika, yakarusha mchanga mpaka ukaingia dirishani ukanijaa mdomoni. Nikapanda ng'ambo ya korongo, nikageuza, nikarudi, nikapanda tena. Kuna wachunga mbuzi walisimama kunitazama, lazima walisema mzee wa nyuki leo ameshikwa na pepo. Nilikuwa nalia, Hadija. Sikujua kama ni mchanga au ni nini, ila nilikuwa nalia kwa sauti peke yangu ndani ya gari.

Nilipofika hapa mama yako akanikagua kuanzia kichwa mpaka viatu.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Alhamdulillahi." Akaenda kwenye kamba akaanza kuanua nguo zako. Sasa hivi amepasha pasi ya mkaa, nasikia anavyoipuliza, na koti ameshalikunja.

Jua linashuka, utafika wakati wowote. Utaikuta pikapu imeelekea barabarani. Nitakuambia imeingia, mpira wa chesisi ulikuwa umeziba. Wewe utauliza, "Umezibwa na nini, baba?" Nami nitasema uchafu. Huo utakuwa uongo wa mwisho juu ya jambo hili, na utaniamini, na utanisifu. Hapo ndipo patakaponiuma kuliko pote. Utasema, "Baba siku hizi umekuwa fundi," na mimi nitacheka.

Kwa nini nisikuambie leo usoni? Nimejiuliza sana. Kwanza, sina ujasiri. Pili, na hili ni kweli pia, nakujua hasira zako. Wapo wanaokasirika wakaondoka. Wewe unakasirika ukabaki, unataka yazungumzwe, yaishe, kila mtu apewe haki yake na chai inywewe. Nikikuambia leo, kesho asubuhi tutakuwa bado tumekaa jikoni watatu tunazungumza, na basi limeshapita Katesh. Nimekwisha kukuchelewesha kwa kunyamaza. Sitaki nikucheleweshe tena kwa kusema.

Nina neno moja tu la ufundi la kukupa, mimi niliyeichanja mipira kwa kisu. Wakikuletea gari huko na hulielewi, usikimbilie moshi. Muulize mwenyewe amelifanya nini. Atasema hajaligusa. Muulize tena. Na kama ni mzee, na anakuletea chai chini ya gari, na anakushauri uanze kutafuta upande mwingine, mwangalie vizuri machoni. Usimgombeze mbele ya watu. Lakini usimwamini, fungua pale pale anaposema usifungue.

Kuhusu mimi na mbuga, usinibebe tena. Mbele inavuta. Siku isipovuta nitachukua bomba la moshi na povu la sabuni nitafute mwenyewe, nimekuona ukifanya vya kutosha. Mvua ikizidi sitaingia msituni, nimeshamwahidi mama yako, na yeye unamjua anavyoshika ahadi za watu. Nikiugua nitaugua kama wazee wengine wanavyougua. Nilikufanya uone kwamba uhai wangu umefungwa kwenye mpira ule, na sikuwahi kukufungua. Kwa hilo naomba radhi, kwa hilo kuliko lile la nta. Nimekula miaka yako, mwanangu, huku nakusifu.

Nasikia bodaboda kule kwenye kona, naona ni wewe, kwa hiyo namaliza haraka na mwandiko utakuwa mbaya.

Donge lenyewe nimelifunga kwenye kona ya karatasi hii. Litoe ulione, uone na alama ya kidole, halafu ulitupe au ulitunze, shauri yako. Na kama asubuhi pale stendi nilichelewa kuuachia mkono wako mpaka kondakta akapiga kelele, basi sasa unajua nilikuwa na nini.

Najua ukifika hapa utataka kushuka. Utataka kurudi unitazame machoni uniulize. Una haki. Ila basi likisimama, wewe kaa. Wanaoshuka kununua mahindi washuke, wewe kaa kwenye kiti chako, shika sanduku lako. Simu yangu nitaiwasha na sitaizima, na utakachosema nitakisikiliza chote bila kukukatiza. Nikasirikie, Hadija. Nikasirikie sana. Lakini nikasirikie ukiwa Arusha.

Ni mimi,
baba yako